Picha za Kale za Kidia na Majina Yaliyoachwa

Liko jambo ambalo tumelizungumza mara nyingi baada ya ibada, na kila mara mazungumzo yamekatika kabla ya kufika mwisho. Leo twaliandika. Ni habari ya zile picha za kale za Old Moshi, hasa za kijiji cha Kidia, ambazo watoto wetu wanatuonyesha katika simu zao. Kijana anakuja kutoka mjini kwa likizo, anafungua simu, anasema, "Babu, tazama, ni hapa kwetu." Na kweli ni kwetu: mlima ndio, kanisa ndilo, migomba ndiyo. Wazee wanakusanyika, mmoja anacheka, mwingine ananyamaza. Kisha simu inarudi mfukoni, na kila mtu anakwenda zake akidhani ameyaona mambo ya zamani. Sisi twaona si hivyo. Picha husomwa kama barua isomwavyo, na kabla ya kusoma barua yafaa kujua ni nani aliyeiandika na alimwandikia nani.

Asili ya picha hizi ni hii. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza Machame, na mwaka 1896 wakafungua kituo huku Old Moshi. Baadhi yao walikuwa na kamera, yaani lile sanduku lenye miguu mitatu lililotumia vioo. Walipiga picha za nyumba, za masoko, za shule, za wabatizwa na za mlima, wakazipeleka kwao Ujerumani, nazo zikahifadhiwa huko Leipzig miaka mingi. Baadaye Chuo Kikuu cha Southern California, kule Los Angeles katika Marekani, kilizikusanya pamoja na picha za misioni nyingine za Afrika na Asia, kikaziweka katika intaneti ili mtu yeyote azitazame bila malipo. Hilo ni jema, nasi twawashukuru. Zamani Mchagga aliyetaka kuona uso wa babu yake ilimpasa kusafiri hadi Leipzig na kubisha hodi. Leo anaweza kuuona akiwa jikoni.

Na ziko picha nzuri kweli. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya bati, hajapata kuona nyumba ya msonge ila labda katika makumbusho, na atazame humo. Aone nyasi zilivyoshuka kutoka kileleni mpaka chini, mlango ulivyo mdogo hata mtu mzima apaswe kuinama, na giza la ndani ambamo watu, ng'ombe na mbuzi walilala chini ya dari moja. Aone wanawake waliovaa ngozi zenye shanga, na wengine karibu nao waliovaa merikani na kaniki. Aone migomba. Katika picha za kabla ya vita ya 1914 tulizozitazama, chini ya migomba ile mwaona magimbi na majani ya ng'ombe, lakini mibuni hamwioni. Katika picha za miaka ya 1930 mibuni ipo, imejipanga. Mambo ya kati hapo twayajua kwa njia nyingine: mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikaja Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU. Vitabu husimulia chama. Picha hukuonyesha kihamba kilivyobadilika sura. Hapo picha yashinda kitabu.

Walakini picha hizi hazikupigwa kwa ajili ya Kidia. Zilipigwa kwa ajili ya watu wa Ujerumani, wale waliotoa sadaka ili kazi ya misioni iendelee, nao walitaka kuona sadaka yao imefanya nini. Hatusemi hayo kwa kulaumu. Hata sisi tukijenga darasa twapiga picha ya darasa, wala hatupigi picha ya deni. Lakini msomaji akumbuke jambo hili kila aonapo picha mbili zilizowekwa pamoja, moja ya watu wenye ngozi na mapambo ya chuma, ya pili ya watu wenye kanzu nyeupe na vitabu mkononi. Aliyeziweka hivyo alitaka kusema: tazameni walivyokuwa, tazameni walivyo sasa. Nasi twauliza: je, wale wa picha ya kwanza na wale wa picha ya pili hawakukaa katika kijiji kimoja siku ileile? Hawakuwa mtu na shemeji yake? Hawakunywa maji ya mfongo mmoja? Kijiji hakikuwa na kurasa mbili. Kilikuwa na ugomvi ndani ya nyumba moja, mama akikataa na mwana akikubali, na ugomvi huo hauonekani katika picha hata moja.

Tena tazama nyuso. Vijana wetu huuliza, "Kwa nini wazee wetu hawakucheka? Walikuwa wakali hivi?" Mtu aliyesimamishwa juani mbele ya sanduku asilolijua, akaambiwa asitikisike, maana akitikisika atatoka kama moshi, hawezi kucheka. Ule si uso wake wa nyumbani. Ni uso wa mtu anayetii amri. Twasikia watu wakitoa hukumu juu ya tabia ya Wachagga wa kale kwa kutazama nyuso hizo, nasi twaona ni sawa na kuhukumu tabia ya mtoto kwa kumtazama akiwa katika mstari wa paredi.

Basi mahali pa kuamini ni wapi? Sisi twasema: amini pembeni ya picha kuliko katikati yake. Katikati ndipo mpiga picha alipopanga mambo, pembeni hakupatazama. Alipotaka kuonyesha kanisa, nyuma yake ukaingia mlima wa Kibo na barafu yake, bila yeye kukusudia kutoa ushahidi wowote. Leo ushahidi huo ni mkubwa kuliko wa kanisa. Mwaka 1912 Mjerumani mmoja, Fritz Klute, akiwa na mwenzake Eduard Oehler, aliupiga mlima picha kwa ustadi wa kupimia, na kwa picha hizo akachora ramani. Kwa ramani hiyo twajua ya kwamba barafu ya mwaka ule ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 ilipopimwa tena hazikutimia hata 2. Mzee akikuambia, "Zamani mlima ulivaa kofia hadi masikioni," usidhani anatia chumvi. Chukua picha ya kale, simama mahali palepale aliposimama mpiga picha, inua macho.

Vivyo hivyo na mifongo. Hakuna aliyebeba kamera mpaka Kidia ili apige picha ya mfereji wa maji. Lakini mfereji upo, unapita nyuma ya miguu ya wanafunzi, umejengwa kwa mawe na matope na vigogo vya migomba. Na isale ipo, ule mmea wa mipaka na wa kuombea msamaha, imesimama kati ya kihamba na kihamba. Watu wa Leipzig waliotazama picha ile waliona wanafunzi. Sisi twaona mpaka. Na hapa twatoa onyo, kwa kuwa tumesikia watu wawili wakitaka kwenda barazani na picha ya namna hii kama hati ya shamba. Ndugu, picha si hati. Yaonyesha isale ilikuwako siku ile; haionyeshi ni nani aliyeipanda, wala kama jirani yake alikubali.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tushike kalamu. Ni maandishi yaliyo chini ya picha. Pengine yalitiwa na mpiga picha mwenyewe, pengine na mtu mwingine aliyezipanga baadaye, naye hakupata kuja huku. Mengi ni mafupi: mwanamke Mchagga, wasichana wa shule, mzee na fimbo, Moshi, kati ya 1900 na 1914. Hebu tuanze na hilo neno Moshi. Picha ikiwa ya mwaka 1900, Moshi ni huku kwetu mlimani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika kule tambarare mwaka 1911, mji ulikua kule ukalichukua jina, nasi tukabaki kuitwa Old Moshi. Basi picha isiyo na mwaka wake hasa, ila miaka 14 imetupwa juu yake kama blanketi, ni ya mlimani au ya chini? Mara nyingi mtu wa hapa atajua kwa kutazama mteremko wa ardhi tu. Lakini mtu wa hapa hakuulizwa.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni majina. Bwana misionari akiwa katika picha, jina lake limeandikwa, mara nyingine na la mkewe. Mtu wa Kidia aliyesimama kando yake ameandikwa kabila lake. Wala hatuwezi kusema kwamba misionari hakumjua jina. Alimbatiza! Alimwandika katika kitabu cha ubatizo, jina la nyumbani na jina jipya, na siku na mwaka. Bruno Gutmann, aliyekaa miongoni mwetu tangu 1902 hadi 1920, kisha akarudi akakaa mpaka 1938, alisikiliza wazee kwa saba na kwa sabini, akaandika sheria zao katika kitabu cha mwaka 1926, na mafundisho yao ya jando katika vitabu 3 vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Watu hao walijua majina yetu kuliko wageni wengi waliokuja baada yao. Lakini jina lilibaki katika kitabu cha kanisa, na uso ukaenda Leipzig, vitu viwili vilivyokuwa vya mtu mmoja vikatengwa kwa bahari.

Mtu atasema, "Jina lina faida gani? Amekwisha kufa." Twamjibu kwa habari ya kweli, nayo ni ya hapa hapa. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwapiga Wadachi mwaka 1892. Mwaka 1893 walirudi na jeshi kubwa wakamshinda. Na tarehe 2 Machi 1900 walimtundika katika mti hapa Old Moshi, yeye na wengine, wote pamoja watu 19. Wazee wetu walisimulia sikuzote kwamba kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ulaya. Sasa, kule Berlin yalikuwako mafuvu ya watu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki zamani za utawala wa Wadachi. Wataalamu waliyachunguza, na mwaka 2023 walitangaza kwamba kwa kupima vinasaba wamepata ndugu wa baadhi yao walio hai huku kwetu. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno: Akida. Kwa neno lile walitafuta ukoo wa Akida aliyekuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli, wakapima, vipimo vikapatana. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa kimepatikana wakati wa tangazo lile. Tazameni basi: aliyeandika neno Akida juu ya mfupa wa mtu alitenda jambo la kuchukiza, lakini jina lile ndilo lililomrudishia mfu jamaa zake baada ya miaka zaidi ya 100. Na katika picha nzuri, zilizopigwa kwa upole na watu waliotupenda, jina halikuandikwa. Jambo hili latusumbua, wala hatutaki kulifunika.

Twarudi kwenye picha. Mwaka 1900 kituo cha misioni kilikuwa kimekwisha kaa miaka 4 mahali hapa. Katika picha za kituo tulizozipitia hatukuona hata moja ya mti ule, wala ya msiba wa siku ile, wala ya nyumba zilizoomboleza. Tena picha nyingi zimepangwa katika mafungu mawili: za kabla ya vita ya 1914, na za tangu 1927 hadi 1938. Za katikati ni chache mno. Lakini ni miaka gani hiyo ya katikati? Ni miaka ya vita, Waingereza walipoingia Moshi mwaka 1916. Na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa, wakaacha makanisa na shule mikononi mwa walimu wenyeji. Walimu wale walifundisha, walizika, waliwatia moyo watu, wakalinda vitabu vya kanisa visiliwe na mchwa. Yaani miaka ambayo kijiji kilijiongoza chenyewe ndiyo miaka isiyo na picha, kwa sababu mwenye kamera alikuwa hayupo. Mtu akisoma historia ya Kidia kwa picha tu, ataruka toka kanzu hata kanzu, adhani kati hapo watu walilala.

Tumesema juu ya wageni. Na tuseme juu yetu wenyewe, maana sisi tumezidi. Tumeona picha hizi zikichapwa katika kalenda za yubile na katika fulana za mikutano ya koo, na chini yake majina yameandikwa kwa herufi kubwa, majina ambayo hakuna mtu aliyeyathibitisha. Kila ukoo unataka babu yake awe yule aliyesimama karibu na mzungu. Yule aliyebeba mzigo nyuma hana mjukuu! Tulihesabu koo 3 zinazodai mwalimu mmoja mwenye kanzu na kitabu. Picha bila jina yaweza kungoja. Siku moja jina litapatikana. Picha yenye jina la uongo imefungwa mlango, kwa kuwa watoto watakaoikuta hawatauliza tena. Twaona aliyeacha bila kuandika alikosa, lakini anayeandika asilolijua akosa zaidi.

Nasi hatukutaka kusema tu. Tulichukua picha chache za miaka ya 1930, tukazitoa katika karatasi kubwa, maana kioo cha simu ni kidogo na macho ya wazee yamechoka. Tukampelekea bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 90. Tulianza kwa kumwonyesha picha ya kale zaidi, ya kabla ya vita ya kwanza, yenye watu wengi. Nyuso zote alizipita. Aliweka kidole chake pembeni kabisa, akasema, "Mfongo huu umekufa. Nilichota maji humo nikiwa mtoto." Tukamwuliza, "Na watu hawa, Bibi?" Akajibu, "Mwalimu, hawa siwajui, nilikuwa sijazaliwa. Mahali napajua." Tulifurahi kwa jibu hilo, kwa kuwa wengi wa wale tuliowauliza kabla yake walitaja majina upesi mno.

Kisha tukampa picha ya wasichana 9 wa shule, wamesimama mstari mbele ya ukuta wa mawe. Hiyo aliishika muda mrefu. Mwisho akasema wa tatu kutoka kushoto ni mama yake mdogo, akamtaja jina. Mzee aliyekuwa amekaa naye, shemeji yake, akakataa. Akasema yule ni mke wa kaka yake, akamtaja jina jingine. Bibi alitoa hoja kwa masikio, akisema ndugu zao wote tundu la sikio la kushoto lilishuka kuliko la kulia. Mzee alitoa hoja kwa namna ya kusimama, uzito wote juu ya mguu mmoja, "kama alivyosimama mlangoni kila jioni mpaka alipokufa." Hatukuweza kuamua. Tulikwenda tukafungua kitabu cha ubatizo, tukayakuta majina yote mawili, wamebatizwa mwaka mmoja, mistari yao ikiwa imepishana kwa mistari 4 tu.

Tukaandika yote mawili nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, na chini ya kila moja jina la aliyelisema na tarehe. Bibi akaomba tumwachie picha ile. Siku ya pili asubuhi alimtuma kitukuu chake na kipande cha karatasi. Juu yake limeandikwa jina la msichana wa mwisho upande wa kulia, ambaye hatukuwa tumemwuliza habari zake hata kidogo.